Alama Isifutike

Severina aliianza Krismasi kwa kuchungulia ukuta. Alitoka nje peku, jogoo wa majirani wakiwa bado wanashindana kuwika, akazunguka mbele ya nyumba, akainua kiroba cha salfeti kilichoning'inia kwenye misumari miwili. Alama bado ilikuwepo. Mvua ya usiku ilikuwa imeichuruza upande wa chini, na rangi yake imebaki kivuli tu, lakini ilikuwepo. Akashusha kiroba, akashusha na pumzi, ndipo akakumbuka kumshukuru Mungu kwa sikukuu.

Tangu Oktoba asubuhi zake zote zilikuwa hivyo. Mwezi huo watu wa barabara walifika Kinamwenda na utepe wa kupimia, makopo mawili ya rangi na haraka zao. Barabara ya vumbi inayopita kijijini kwenda Iguguno ingepanuliwa na kuwekwa lami. Wakapima kutoka katikati ya barabara, na kila nyumba iliyoguswa na utepe ikapigwa alama ya X ukutani. Nyekundu maana yake wewe ndiye uliyeifuata barabara, kwa hiyo utabomoa kwa mikono yako na hulipwi hata msumari. Kijani maana yake barabara ndiyo iliyokufuata wewe, kwa hiyo utalipwa fidia ukajenge kwingine. Nyumba kumi na nne ziliguswa. Tatu tu ndizo zilizopata kijani, na ya Severina ilikuwa mojawapo.

Haikuwa bahati. Marehemu mumewe Simoni na kaka yake Alute waliijenga nyumba hiyo wakati barabara yenyewe ni njia ya ng'ombe wa mnadani. Severina ndiye aliyewasombea maji ya kufyatulia tofali, akiwa na mimba ya mtoto wake wa kwanza. Sasa Simoni hayupo, shamba la alizeti linampa chakula na ada ya mazishi ya kijiji, na mpango wa kujenga nyumba nyingine aliokuwa nao duniani ulikuwa mmoja tu: ile X ya kijani.

"Alama isifutike," mtendaji wa kijiji alisema mkutanoni, akipiga meza. "Ikifutika ni juu yako. Usije ofisini kulia."

Kusema ni rahisi. Wale watu walikuwa wameichakachua rangi yao kwa maji mpaka ikawa uji, na ukuta wa Severina ni wa udongo. Mvua za Novemba zilipoanza, kijani kikaanza kuondoka kidogo kidogo, naye akawa anakifunika kila jioni na kukifunua kila asubuhi.

Kibaya zaidi, ukuta ule haukusiribwa. Kinamwenda nzima inajua kwamba majilio hayaishi kabla wanawake hawajazisiriba nyumba upya. Wanachimba udongo mweupe korongoni, wanachanganya mavi ya ng'ombe, wanasaga ngeu, ule udongo mwekundu wa kilimani, wanakwangua masizi kwenye masufuria, halafu kila mwanamke anachora cha kwake. Siku ya Krismasi watu wakitoka kanisani wanatembea nyumba kwa nyumba kutazama kuta na kusengenya. Kwa miaka zaidi ya ishirini ukuta wa Severina ndio uliokuwa ukifunga mjadala. Mwaka mmoja alichora kanga kumi na wawili, kila mmoja na madoa yake, hadi dereva wa lori la vitunguu akasimamisha gari apige picha. Mwaka huu ukuta wake ulikuwa umebabuka kama mgonjwa wa surua, na wapita njia walikuwa wanauliza kama yuko salama.

Rebeka naye aliuliza hivyo hivyo. Binti yake huyo anasuka nywele Dodoma, kwenye saluni ya mtu, na alikuwa hajala Krismasi nyumbani miaka mitatu. Usiku wa kuamkia sikukuu alishuka kwenye bodaboda na begi na mfuko wa mikate, akamulika ukuta kwa simu.

"Mama! Huu ukuta vipi? Krismasi gani hii?"

"Wamepita watu wa barabara, wameweka alama. Wamesema isifutike. Tumeuacha tu."

"Alama ya nini?"

"Ya vipimo vyao. Ingia ndani ule, utanyeshewa."

Hakumwambia zaidi. Mtoto ametoka mbali, miaka mitatu, halafu umpokee mlangoni kwa habari kwamba nyumba aliyozaliwa inabomolewa? Severina aliona bora asubiri sikukuu ipite. Ni jambo ambalo mama yeyote angelifanya, na ndilo lililomponza.

Asubuhi ile jikoni alipima mchele mara mbili, akarudisha kikombe kimoja kwenye ndoo, akaghairi, akakimimina tena. Mchele ulikuwa umepanda wiki ile ile, kisa sikukuu. Mafuta ya alizeti, alizeti aliyoilima yeye na kumuuzia mchuuzi mwezi wa sita, alikuwa ameyanunua Iguguno kwa bei iliyomfanya acheke peke yake dukani. Lakini jogoo alikuwepo, na mtoto yupo, na Krismasi ni Krismasi.

"Nenda misa, mama," Rebeka alisema akichochea moto. "Mimi nabaki na jogoo. Atakauka huyu."

"Huendi kusali?"

"Nitasali nikiwa nakoroga. Nenda bwana, utachelewa."

Kigangoni padri hakufika, njia ilikuwa imekatika, kwa hiyo katekista ndiye aliyeongoza ibada. Alihubiri kwa kirefu juu ya watu waliokosa nyumba Bethlehemu, na Severina akaona kama amerefusha makusudi. Scholastika, jirani na rafiki yake tangu ujana, alikuwa amekaa ubavuni kwake akifuma kitambaa chini ya kanga, maana huyo mama hata mazishini sindano yake ya kufumia haipumziki. Wimbo wa mwisho ulipoisha walitoka pamoja, wakashika njia taratibu, wakipita kwenye kuta za wenzao na kutoa hukumu. Huyu ng'ombe wake anafanana na mbwa. Yule mweupe wake umepasuka, hakutia mavi ya kutosha.

Walipokaribia nyumbani waliona watu wamejaa mbele ya nyumba ya Severina.

"Kuna nini?" Severina akaongeza mwendo.

Watu wakampisha huku wakicheka na kupiga makofi. Ukuta wote ulikuwa umesiribwa, bado mbichi, unameta. Juu mweupe, chini mkanda mweusi wa masizi, na katikati alizeti zilizokwenda juu hadi kwenye bati, zimegeuza vichwa upande mmoja, kule zinakogeukia zenyewe shambani asubuhi. Chini yake kanga walikuwa wanadonoa. Rebeka alikuwa amesimama pembeni, ngeu imemfika viwikoni, anatabasamu mpaka ufizi.

Na katikati ya yote, imezungushiwa fremu ya majani, ilikuwepo X. Safi, nene, iliyonyooka. Nyekundu.

Severina alisimama hapo hapo. Scholastika naye aliiona palepale. Alimshika mkono akavuta pumzi kutaka kusema, na Severina akambana kidole kwa nguvu hadi akanyamaza.

"Mama, sema kitu basi!" Rebeka alisogea. "Ile alama ilikuwa imeshakufa kabisa. Mimi nilidhani ni ukungu wa mvua umeota. Si umesema isifutike? Nimeifufua. Nyekundu ile ile kama X za kuta za Dodoma, sasa hata wapite usiku wataiona."

Watu wote walikuwa wanamtazama Severina. Alimtazama binti yake, akautazama ukuta. Zile alizeti zilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuchora yeye, na hilo nalo lilimuuma, kwa sababu alitaka kulifurahia na hakuweza.

"Umepamba, mwanangu," alisema. "Umenipita."

Rebeka akamkumbatia, akampaka ngeu kwenye gauni la kanisani. Severina alimshika hivyo kidogo, akipiga hesabu kichwani. Duka la rangi liko Iguguno. Leo limefungwa, kesho limefungwa. Keshokutwa atakwenda na gari la kwanza, atarudi na kikopo cha kijani, ataipaka upya kabla mtu hajajua. Siku mbili tu. Akachukua kile kiroba cha salfeti, akakining'iniza tena juu ya alama.

"Mawingu yale," alisema. "Isije ikanyeshewa ikiwa mbichi."

Basi Krismasi ikaliwa. Mzee Alute, shemeji yake, alifika na zeze lake ndani ya mfuko wa sukari, akaketi kwenye kigoda cha ukumbini, akaanza kulikaza uzi huku akilalamika kwamba vijana siku hizi hawajui hata liliko sikio la zeze. Scholastika alitoa vitambaa alivyofuma mwaka mzima, akavitandika kwenye makochi yote mawili na kwenye redio, halafu kimoja chenye maua ya waridi akamtupia Rebeka begani. "Cha kwako cha kuolewa. Ukichelewa nakichukua." Majirani waliingia na kutoka. Rebeka alipakua wali, akamimina mchuzi, akaimba na baba yake mkubwa wimbo wa Kinyiramba ambao Severina hakudhani kama bado anaukumbuka. Aliukumbuka wote. Kwa muda wa sahani moja Severina alisahau, akacheka na wenzake, na aliposhtuka kwamba amecheka, moyo ukamrudi chini.

Saa nane pikipiki ikasimama nje.

"Hodi wenyewe! Krismasi njema!"

Alikuwa Melkizedeki, mtendaji. Kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi, buti zimejaa tope, kwapani amebana kishikwambi kilichofungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Akamwamkia Mzee Alute kwa kuinama, "Shikamoo mzee," akamwamkia Severina, "Shikamoo mama," akampongeza Rebeka kwa kurudi. Mtu wa adabu, hilo hakuna wa kumnyima.

"Mama Rebeka, nimeona ukuta wako hapo nje. Hatari! Mwaka huu wenzako umewaacha mbali."

"Ni wa binti yangu. Karibu uketi."

"Sikai. Nimeletwa na kazi. Nyumba zote zenye alama zinapigwa picha leo, zinaingizwa kwenye mfumo. Mfumo unafungwa saa sita usiku."

"Leo Krismasi?"

"Mfumo haujui Krismasi, mama. Hata mimi watoto wangu nimewaacha na sahani mezani. Nimeambiwa jana jioni kwa ujumbe wa simu. Alama yako ipo lakini?"

"Ipo," Severina alijibu. "Nimeifunika kwa ajili ya mvua."

"Safi sana. Wenzako wengine wamezembea, nimekuta kuta tupu. Basi nipige mara moja niende."

"Hutoki hapa na mdomo mkavu siku ya leo," Severina alisema. "Utatutia aibu. Scholastika, mpe mtendaji maji anawe."

Melkizedeki alitazama mlango, akatazama sufuria. Harufu ya jogoo ndiyo iliyoamua. Akaketi, akavua kofia, na Scholastika, ambaye alikuwa ameshaelewa kila kitu bila kuambiwa, akamletea supu kwanza, ya moto mno kunywewa haraka. Mzee Alute akaulizwa habari za ng'ombe wake, na anapoulizwa habari za ng'ombe wake Mzee Alute haachi hata ndama mmoja.

Severina alipitia mlango wa nyuma. Alikwenda mbio hadi bustanini, akachuma majani ya maboga, ya mchicha, ya mlenda, chochote cha kijani alichokifikia, akayatupa kinuni na kuanza kutwanga.

"Mama, unapika nini tena?" Rebeka alikuwa amemfuata na ndoo ya vyombo. "Chakula si kipo?"

Severina aliendelea kutwanga. Rebeka akasogea, akamwona uso.

"Mama. Unalia?"

"Ile alama ilikuwa kijani," Severina alisema. Hakuacha mchi. "Wenye kijani wanalipwa. Wenye nyekundu wanabomoa bure."

"Wanabomoa nini?"

"Nyumba. Hii. Lami inapita hapa."

Rebeka aliweka ndoo chini. Vyombo viligongana, na ukumbini Mzee Alute alikuwa amefika kwenye fahali wake wa madoa. Binti akatazama mikono yake. Ngeu haikuwa imetoka yote kwenye kucha.

"Mbona hukuniambia?" Rebeka akauliza. "Jana usiku nimekuuliza. Mama, nimekuuliza!"

"Nilitaka ulale usiku mmoja kwenu bila kuwaza. Ni kosa langu. Niletee kitambaa."

Walikwenda mbele ya nyumba wakiinama chini ya dirisha, mama ameshika bakuli la maji ya majani, mtoto ameshika kitambaa. Severina akakitoa kiroba. Akachovya, akapaka juu ya mkono mmoja wa X. Kijani kikakaa sekunde chache, halafu ngeu ikakinywa, na ukuta ukawa rangi ya samadi. Akapaka tena. Ikazidi.

"Tufute nyekundu kwanza," Rebeka alinong'ona, na kabla mama hajamzuia akapitisha kitambaa kibichi. Udongo ukatoka na ngeu, na kijani kidogo cha zamani kilichokuwa chini yake kikatoka na udongo. Kwenye kitambaa kilionekana vizuri kabisa. Ukutani hakikuwepo tena.

"Mama Rebeka."

Melkizedeki alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, kijiti cha meno mdomoni. Aliwatazama, akatazama bakuli, akatazama mikono ya Severina iliyokuwa kijani hadi kwenye vifundo. Nyuma yake walikuwa wametokea Scholastika na Mzee Alute, na majirani wawili watatu.

"Hiyo ni kughushi alama ya serikali," mtendaji alisema polepole.

"Ni mimi," Rebeka akasimama. "Mimi ndiye niliyeipaka nyekundu asubuhi, mama alikuwa misa. Sikujua. Yeye alikuwa anarudisha tu rangi yake."

"Mwache mtoto," Severina akamkata. "Nyumba ni yangu, nimepaka mimi. Mtendaji, wewe ulikuwepo Oktoba. Ulisimama hapa hapa. Wakati wanapiga ilikuwa rangi gani?"

Melkizedeki alikitoa kijiti mdomoni.

"Ilikuwa kijani," alisema.

"Ehe."

"Mama, mimi najua ilikuwa kijani. Hata Mungu anajua. Lakini tazama hapa." Alikitoa kishikwambi kwenye nailoni, akakigeuza wote waone. Kioo kilikuwa na ufa. "Kuna Kijani, kuna Nyekundu, kuna Haipo. Nabofya moja, napiga picha, picha na nilichobofya vifanane. Hakuna mahali pa kuandika 'ilikuwa'."

"Si mliandika daftari siku ile?" Mzee Alute aliuliza. "Nilimwona kijana anaandika."

"Daftari liko wilayani, mzee. Ofisi zinafunguliwa tarehe ishirini na saba."

"Na mfumo unafungwa leo," Scholastika alisema.

"Unafungwa leo."

Severina alijikuta anamchunguza kijana yule, shati lake, tone la mchuzi kwenye ukosi. Laiti angekuwa katili ingekuwa rahisi kumtukana. Lakini alikuwa mtu aliyeshiba chakula chake, anayemwonea huruma, na ambaye kwa huruma ile ile angekibofya kile kidude na kwenda kwenye nyumba inayofuata. Hasira ikampanda Severina kwa namna ambayo hakuwahi kuisikia hata siku ya kumzika Simoni.

"Nifanyeje na mimi, mama?" Melkizedeki alisema. "Nikiweka Haipo, umetoka kwenye orodha kabisa, greda likija huna hata barua ya kukushtua. Nikiweka Nyekundu angalau upo. Utapewa ilani, utakata rufaa. Iliyopo pale sasa inafanana na nyekundu kuliko kitu kingine. Nakusaidia."

"Rufaa unakata wapi?"

"Kwenye mfumo."

Akaomba kipande cha boksi. Jirani mmoja akamletea cha katoni ya sabuni. Melkizedeki alichuchumaa, akakiweka juu ya goti, akaandika kwa kalamu nene, herufi kubwa za mtu aliyefanya hivyo mara nyingi siku hiyo: SEVERINA SIMONI. KINAMWENDA. NYEKUNDU. Akampa.

"Mwenye nyumba anasimama pembeni ya alama, anashika jina lake kifuani. Mmoja tu. Dada, sogea kidogo, usiingie kwenye picha." Akarudi nyuma hatua tano, akainua kishikwambi. "Mama, inua juu kidogo. Hapo. Halafu changamka basi, Krismasi hii."

Severina alikishika kile kipande. Alikuwa amesoma hadi darasa la saba na aliyaelewa mambo yote matatu. Jina lilikuwa lake, kijiji kilikuwa chake. Akalitazama lile la tatu.

"Shemeji," alisema bila kugeuka. "Hii nyumba tuliijenga mwaka gani?"

"Mwaka mmoja kabla ya elinino," Mzee Alute alijibu. "Tisini na sita. Mvua ile ilipokuja tulikuwa tumeezeka tayari, si unakumbuka watu walikimbilia hapa?"

"Nakumbuka. Rebeka, niletee bakuli la ngeu."

"Mama Rebeka, nina nyumba sita bado," Melkizedeki alisema.

Rebeka alikuwa ameshaleta. Severina akakigeuza kile kipande cha boksi upande usioandikwa, akakiegemeza kwenye paja, akachovya kidole. Hakuandika kwa haraka. Alizivuta herufi kama anavyovuta shingo za kanga, akaacha nafasi zinazotakiwa, na alipomaliza alikiinua kifuani, akasimama pembeni ya lile doa la rangi ya samadi lililokuwa alama.

NYUMBA YA 1996. BARABARA IMETUKUTA HAPA.

"Piga," alisema.

Melkizedeki alikishusha kishikwambi. "Siwezi kupiga hiyo."

"Kwa nini? Ni uongo?"

"Si uongo. Ila picha yenye maneno mengine mfumo unaikataa. Geuza, mama. Nakuomba, geuza. Usipogeuza naweka Haipo, na asiyekuwepo hata kudai hawezi."

"Nimesimama hapa unaniona."

"Mama..."

"Unaniona au hunioni?"

Rebeka akaja kusimama upande wa kulia wa mama yake, na mtendaji hakumwambia asogee. Akaja Scholastika na sindano yake ya kufumia imechomekwa kwenye kilemba. Mzee Alute akaja na zeze mkononi, akiburuta mguu mbaya. Hakuna aliyewaita. Walisimama wakiegemea ukuta mbichi, na alizeti zikawachafua migongo.

Melkizedeki alisubiri. Alitazama saa, akatazama mawingu, akawatazama wao. Halafu akashusha macho kwenye kioo chenye ufa, akabofya mara moja kwa kidole gumba, akakirudisha kishikwambi ndani ya nailoni.

"Krismasi njema, mama," alisema. "Ahsante kwa chakula." Akawasha pikipiki akaondoka kwenda kwa majirani.

Rebeka alilia kwa sauti, uso ameuficha kwenye bega la mama yake. "Kaweka Haipo. Mama, kaweka Haipo."

"Nimemwona," Severina alisema.

Alijua sawasawa alichokipoteza. Hakukuwa na bati wala tofali wala kiwanja, na mwakani siku kama hii hakujua watu hawa angewakaribisha wapi. Lakini hakutoka ukutani wala hakukishusha kile kipande cha boksi. Njiani watu walikuwa wameanza matembezi yao ya jioni kutazama kuta, na nguo zao mpya na watoto wao mikononi. Mwanamke mmoja wa kitongoji cha pili, ambaye Severina hakumjua hata jina, alisimama barabarani, akasogea karibu, akausoma ule mwandiko kwa sauti, neno kwa neno, kwa ajili ya mama yake mzee ambaye hakujua kusoma. Yule bibi akataka asomewe tena.

"Soma," Severina akamwambia. "Soma kwa nguvu."